Mrejesho: mkandarasi wa mistari ya barabara na maegesho, Changamwe (Mombasa)

Ahsanteni kwa majibu. Niliuliza jinsi ya kumtambua mkandarasi wa kuaminika wa kuchora mistari kwenye yadi ya malori, na kazi imekamilika.

Usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ni mwanzo tu. Kilichowachuja wakandarasi ni hesabu ya mfuko. Thamoplastiki (plastiki ya kuchorea mistari, inayoyeyushwa kwa moto) ya unene wa milimita 3 hula takriban kilo 6 kwa mita mraba, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 hutoa kama mita 40 za mstari wa upana wa sentimita 10. Anayeahidi mita 80 kwa mfuko anakuuzia nusu ya unene, na magurudumu ya trela yataumaliza mapema.

Dai kipimajoto kwenye tangi la kuyeyushia: nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa michanganyiko mingi, lakini fuata maandishi ya mfuko. Ikiungua, nyeupe hugeuka manjano na mstari huwa mkavu, unapasuka. Shanga za kioo (punje zinazorudisha mwanga wa taa za gari) zimwagwe papo hapo, mstari ukiwa bado moto. Zikichelewa hukaa juu juu na kufagiliwa na matairi, usiku mstari hauonekani.

Kwa unyevu wetu wa pwani, bandika karatasi ya nailoni kwenye lami kwa robo saa. Ikitoa jasho chini yake, ngojeni. Zege na lami kuukuu zinahitaji praima (rangi ya kwanza ya kushikisha mstari). Kwenye kabro (matofali ya zege ya kutandika chini) tulitumia rangi ya kawaida, maana thamoplastiki hupasuka kwenye viungo.

Asilimia 10 ya malipo tumeizuia hadi masika yapite.