MREJESHO: Yule simbilisi anayetema chakula na kudondosha mate

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu simbilisi wa binti yangu, anashika chakula anakitema, kidevu kimelowa mate muda wote. Nimempeleka kwa daktari wa mifugo, meno ya mbele yako fresh kabisa, kumbe shida ni magego ya chini, yamerefuka yakalalia ndani mpaka yamejenga daraja juu ya ulimi, sasa hapo utamezaje? Meno yao yote 20 yanaota maisha yote, yasiposagika na nyasi ndo hivyo. Akapewa dawa ya usingizi yakasagwa na kimashine.

Mliosema nimkate meno na neilkata, magego yenyewe huyaoni bila kifaa cha kumulika na jino linaweza kupasuka. Na ile amoksilini (antibayotiki) mliyosema nimnyweshe, dokta kakataa katakata, inaua bakteria wazuri wa tumboni, simbilisi anaweza kufa.

Kwa sasa namlisha uji kwa bomba la sindano (bila sindano jamani), na hoho mbichi ya vitamini C maana mwili wake hauitengenezi. Namuweka kwenye mzani wa jikoni, uzito unapanda, mama watoto ananuna kuhusu mzani wake. Ukoka ameanza kuvuta mwenyewe. Dokta kasema yanaweza kurefuka tena so tutarudi kuangaliwa.