Lushoto ukiacha Irente: wapi pametulia? Naomba ushauri

Mtaka Baridi: Wakuu, habari za jioni. Tunapanda Lushoto siku tatu, watu wazima wanne. Irente, pale kwenye mwamba wa kutazamia mandhari, tumeshafika, watu ni wengi. Natafuta sehemu za kutembea zisizojulikana sana. Chumba nimeshalipia nusu kule Mtae. Nisaidieni ratiba, naogopa kuwaharibia wenzangu safari.

Mbega Mweupe: Anza na msitu wa Magamba. Kibali na mwongoza njia unalipia kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla ya kuingia. Usiku kagua na tochi vichaka vya kando ya njia, usawa wa kifua: kinyonga wa pembe mbili akilala hupauka, kwenye mwanga anaonekana karibu mweupe, mkia kaukunja. Usimshike, na usimmulike muda mrefu.

Fundi Gia: Gari gani, mwezi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Mtaka Baridi: Gari dogo tu.

Fundi Gia: Dogo lipi, mkuu?

Mtaka Baridi: Toyota IST. Katikati ya Aprili. Lakini tairi ni mpya, na likizo nimeshaomba.

Fundi Gia: Aprili ni masika. Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, ni lami. IST inapanda vizuri. Kazi ni kushuka: weka gia ya 2 au L, breki uiguse tu kabla ya kona. Ukiikanyaga mfululizo, mafuta yake yanachemka na pedali inazama. Kwenye udongo mwekundu tairi mpya haisaidii, matope yanajaza kashata zote za tairi na inateleza kama kipara. Lori likishachimba mifereji, IST inakaa kwa tumbo. Pita asubuhi, mvua ikianza, paki usubiri.

Mama Kunde: Hao wanne ni akina nani? Huwezi kumpangia mtu matembezi hujui magoti yake.

Mtaka Baridi: Mmoja ni mama mkwe, miaka 71. Goti la kulia linamsumbua, na anatumia dawa za presha. Ila amekubali mwenyewe, na amezoea shamba.

Mama Kunde: Kukubali si kuweza, mwanangu. Mzazi wa mwenzio ni wa kutunzwa. Goti linaumia zaidi kwenye mteremko kuliko mpando. Fimbo ashike mkono wa kushoto, upande usiouma. Ashuke kwa hatua fupi, akikata njia mshazari. Dawa zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti la gari. Na sweta asisahau, Magamba ni juu kuliko mjini.

Jicho Kavu: Uzi huu umetungwa. Mara watu wazima wanne, mara mama mkwe mgonjwa. Na aliyelipia chumba Mtae hajui masika? Hili ni tangazo la nyumba ya wageni.

Mtaka Baridi: Jina la nyumba sijalitaja na sitalitaja. Mtae niliichagua kwa kuwa kwenye ramani iko jirani na Mlalo. Mama mkwe kazaliwa Mlalo. Kaondoka 1974, hajarudi mpaka leo. Sikutaka kuanika mambo ya familia hapa.

Jicho Kavu: Niwie radhi, ndugu. Ungeanza na hilo.

Mbega Mweupe: Basi Mtae iache. Iko ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, uzuri wake ni kutazama tambarare ya Mkomazi asubuhi ya jua. Kwenye masika ukungu unaweza kufunika yote. Laleni Lushoto, siku ya pili nendeni Mlalo. Kuna nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na misheni iliyoanzishwa 1891. Huenda akazitambua.

Mtaka Baridi: Na nusu niliyolipa?

Fundi Gia: Wapigie leo, omba wakusogezee hadi Agosti. Kwa safari ya Mlalo, kodi gari lililoinuka, na dereva wa hukohuko. IST ibaki Lushoto. Mama akae kiti cha mbele, kisogezwe nyuma hadi mwisho ili goti linyooke, na msimame kila nusu saa ashuke.

Mtaka Baridi: Nawapigia sasa hivi.