Siku ya nne mapovu yamekoma. Nitie bia kwenye chupa Jumamosi hii?

Ndoo_ya_Ntinda
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu. Bia yangu ya kwanza iko ndani ya ndoo tangu Jumapili, hapa Kampala. Nimetumia kopo moja la shira ya kimea cha shayiri, kilo 1.7, ambayo tayari ina hopsi, maua ya kuipa bia uchungu; sukari nyeupe kilo 1; maji ya mfereji niliyochemsha kwanza, mpaka ikafika lita 20; na pakiti ya hamira ya gramu 5 iliyokuja na kopo. Hidromita, kipimo cha sukari iliyomo (namba hushuka hamira ikiila), ilisoma 1.045. Chumba hufika nyuzi 27 mchana.

Jumatatu na Jumanne kizibo cha hewa, kile chenye maji juu ya mfuniko kinachotoa gesi, kilitokota bila kupumzika, Jumatano kikapungua, leo Alhamisi kimya. Nimepima: 1.018. Harufu ni ya yai viza. Je, imeharibika? Nishushe joto sasa? Karatasi ya kopo inasema siku 5 hadi 7, kwa hiyo nataka kutia kwenye chupa Jumamosi. Nina chupa 24 za kahawia za nusu lita, na chache za soda za plastiki.

KimeaJinja
Ndugu, Jumamosi usitie. Karatasi ya kopo haiijui ndoo yako. Kwa kilo nzima ya sukari, ambayo hamira huila yote, bia hii inapaswa kushuka hadi kati ya 1.006 na 1.010. Ikiwa 1.018 bado iko njiani.

Tupige hesabu. Kutoka 1.018 hadi 1.008 ni pointi 10. Kila pointi inayomalizikia ndani ya chupa huzaa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida hubeba lita 2.5 hivi za gesi kwa lita moja. Yako ingeongezewa 5, juu ya gesi iliyomo tayari na ile ya sukari ya chupani, inayotiwa wakati wa kujaza chupa ili bia ipate gesi, jumla zaidi ya 7. Hapo si kizibo cha chupa kinachofunguka. Chupa yenyewe inapasuka, na vipande vya kioo vinamfikia aliye chumbani. Hili ndilo kosa la wanaoanza ambalo linaumiza watu kweli, ndiyo maana nalirefusha.

Kuhusu mapovu: kizibo cha hewa si kipimo. Mifuniko ya ndoo huvuja pembeni. Bonyeza mfuniko polepole kwa kidole na uushikilie: maji ya kizibo yakisogea na kubaki yamesogea, ndoo imefungwa vizuri. Yakirudi usawa hapo hapo wakati kidole bado kimebonyeza, gesi inatokea ubavuni.

Harufu ya yai viza ni ya hamira, nayo huondoka yenyewe na gesi. Cha kuogopa ni utando mweupe wenye mikunjo juu ya bia. Mduara wa kahawia uliogandia ndoo juu ya usawa wa bia ni povu lililokauka, usiuguse.

Nyuzi_20
Kwenye joto nitakwambia kinyume cha unavyotarajia: sasa usishushe. Chumba cha nyuzi 27 maana yake ndani ya ndoo ilikuwa 30 au zaidi siku mbili za kwanza, kwa sababu hamira ikifanya kazi huzalisha joto lake. Harufu ya ndizi mbivu, ya rangi ya kucha, na ile pombe kali inayochoma koo na kupasua kichwa, hutengenezwa ndani ya saa 72 za mwanzo. Hilo limeshapita. Ukiipoza leo, hamira italala na pointi 10 zitabaki mle mle. Iache kwenye joto lake, zungusha ndoo taratibu mara moja kwa siku ili hamira iliyotuama iamke, bila kurusharusha bia. Oksijeni ikiingia sasa, baada ya wiki chache bia itakuwa na ladha ya katoni iliyolowa.

Mara ijayo, baridi ianze kabla ya hamira. Maji ya kimea yafike nyuzi 20 ndipo uitie. Weka ndoo ndani ya beseni lenye maji hadi nusu, ivalishe fulana ya pamba iliyolowa ambayo pindo lake linagusa maji, na tumbukiza chupa mbili za lita 1.5 za barafu, ukizibadilisha asubuhi na jioni. Fulana peke yake hushusha nyuzi 3 hadi 5. Karibu na ziwa, hewa ikiwa na unyevu, hupungua, kwa hiyo tegemea barafu. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo. Joto la chumba halikwambii kitu. Watu wa Kabale, kule milimani, wana bahati, usiku wao wenyewe ni friji.

Hata kama kopo limeandikwa lager, lager ya kweli huchachia nyuzi 10 hadi 13. Bila friji achana nayo. Usipotaka kuhangaika na barafu, tafuta hamira ya kveik, ya mashambani kule Norway, inayofanya kazi safi kwenye nyuzi 30 hadi 37.

Ndoo_ya_Ntinda
Asanteni sana, nimeelewa. Nitasubiri. Swali jingine: ya kuchanganyia bia na sukari ya chupani, nina jerikeni ya lita 20 iliyokuwa ya kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Inafaa?

MamaAjono_Soroti
Mwanangu, hapana. Kwete, na ajono yetu ya ulezi, uchachu wake ndio utamu wake, nao unaletwa na bakteria wa maziwa mgando. Hao wanajificha kwenye mikwaruzo ya plastiki ambako sabuni haifiki. Ajono hainywewi wiki ya tatu: inaongezwa maji ya moto, mnaizunguka na mirija, inaisha. Bia yako itakaa kwenye chupa mwezi mzima, na bakteria hao watakuwa wanaendelea kula na kutoa gesi. Nunua ndoo mpya, usiisugue kwa steelwire, tumia kitambaa laini.

KimeaJinja
Mama amesema yote. Niongeze usafi wa chupa. Osha kwanza hadi uchafu wote utoke, maana dawa haiui kilicho chini ya uchafu. Kisha jiki (dawa ya klorini ya kufulia) ya kawaida isiyo na manukato, mililita 5 kwa lita moja ya maji baridi, dakika 15, halafu suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usipoisuuza, klorini ikikutana na kimea huleta ladha ya dawa ya hospitali ambayo haitoki kamwe. Usichanganye jiki na siki, gesi yake ni sumu. Chupa za plastiki usizimwagie maji yanayochemka, zitajikunja.

Shayiri_Kapchorwa
Sukari ya chupani: gramu 6.5 kwa kila lita ya bia, ipimwe kwa mizani. Ukipata lita 19 baada ya kuacha mashapo, ni gramu 124. Ichemshe na vikombe viwili vya maji dakika 5, mimina chini ya ndoo safi, kisha vuta bia juu yake kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa chini ya bia muda wote. Koroga polepole. Usitie kijiko kwa kila chupa. Nusu lita inahitaji gramu 3 na kidogo, kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama 4, kilichojaa ni 6 au 7. Ndiyo maana chupa moja hulala na nyingine humwagika hadi dari.

Malwa_hadi_Bia
Nikiuliza pembeni: kimea cha mtama kinaweza kuchukua nafasi ya kopo?

Shayiri_Kapchorwa
Kinaweza, ila si kwa njia ya shayiri. Wanga wa mtama hulainika kwenye nyuzi 70 na zaidi, wakati vimeng'enya vinavyougeuza sukari hufanya kazi vizuri 65 na huanza kufa hapo juu. Pika unga wa mtama uwe uji, upoze hadi 65, ndipo utie kimea. Na lazima kimea kikaushwe, kisuguliwe, mizizi na machipukizi yatolewe yote, maana yana kemikali inayozaa sianidi. Fungua uzi wake, ni mada ndefu.

Ndoo_ya_Ntinda
Marejesho. Jumatatu: 1.010. Alhamisi: 1.008. Leo Jumapili: 1.008. Yai viza limeisha, kuna ndizi kidogo.

Nyuzi_20
Kabla ya kusoma uliizungusha hidromita ili mapovu yaiachie? Yakiing'ang'ania huiinua na kukupa namba ya juu. Na kama karatasi iliyo ndani yake imeandikwa nyuzi 20, kwa bia ya nyuzi 27 ongeza pointi 1 au 2.

Ndoo_ya_Ntinda
Niliizungusha mara zote tatu.

KimeaJinja
Basi imemaliza, maana namba haijasogea tangu Alhamisi; pombe ni kama asilimia 4.9. Tia leo. Acha sentimita 3 tupu juu ya kila chupa. Jaza chupa moja ya plastiki uwe unaibonyeza kila siku: ikikaza kama soda mpya, zote zimefika, kwa joto lako ni siku 7 hadi 10. Ziweke gizani ndani ya kreti, ufunike kwa gunia. Ile ya plastiki ikikaza kupita kiasi kabla ya siku ya nne, usizishike za kioo kwa mikono mitupu. Vaa glavu na miwani, zitie kwenye friji zote, na uzifungue zikiwa baridi.