Naomba ushauri: racket, extorsion na chantage nimwelezeje mama?
Habari wakuu, nipo Ufaransa na mdogo wangu, shuleni kuna wakubwa walikuwa wanamdai euro 5 kila ijumaa la sivyo anapigwa, juzi karudi shati limechanika mfuko, shule ikaandika racket, yaani kwa Kifaransa kumtoza mtu kwa vitisho. Mama yuko Tanga anataka nimweleze kwa kiswahili nimekwama. Sheria ya jinai ya Ufaransa kifungu 312-1 inaita extorsion, kuchukua mali kwa nguvu au vitisho, jela mpaka miaka 7, chantage ni ile ya kutishia kumuanika mtu. Racketeering ya Wamarekani, ya sheria ya 1970, naona ni genge linaloendesha uhalifu kama biashara, siyo hii. Sasa niseme unyang'anyi au kutoza kwa vitisho? Neno rushwa sitaki kabisa jamani, mtoto hajamhonga mtu, katishwa.