Studio ndogo ifunge klasta ya Linux au ikodi wingu?

Mdau wa Temeke: Wadau, salaam. Tuna studio ndogo ya katuni za matangazo na kurenda, yaani kompyuta kutengeneza picha za mwisho za katuni, kunatukwamisha. Tangazo la sekunde 30, picha 25 kila sekunde, ni picha 750. Picha moja ikila dakika 3, kompyuta inakesha saa 37 na nusu. Fundi anashauri tununue kompyuta nne za mtumba, tuziunganishe kwa swichi ziwe klasta, yaani zisaidiane kazi moja, tuweke Linux, Blender ya kutengeneza katuni na Flamenco ya kugawa kazi. Mwenzangu anataka tukodi seva za wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine tunazozitumia kwa intaneti. Mnasemaje?

Mzee wa Bakapu: Kodini wingu. Makapi ya Ulaya mnayafungia studio, diski ikifa mteja mtamwambia nini? Mafundi wa Kariakoo wanataka kusukuma mzigo tu.

Fundi Mtaa wa Uhuru: Mkuu, hayo makapi yamesomesha wanangu, punguza maneno. Klasta ya Beowulf kule NASA, 1994, ilikuwa ya kompyuta 16 za kawaida za 486 juu ya Linux. Sterling na Becker walioijenga hawakununua mitambo ya ajabu. Ofisi nyingi za huko hubadilisha kompyuta muda wake kwenye vitabu vya hesabu ukiisha, si kwa sababu zimekufa. Weka SSD mpya, ile diski ya kasi, puliza vumbi, badilisha pasta ya prosesa, mashine inapiga kazi.

Mama Dawa: Mimi nina duka la dawa na klasta imenitia hasara. Niliwekewa seva mbili za Proxmox, programu ya kuendesha seva kwa pamoja, nikaambiwa moja ikifa nyingine inashika. Moja ikafa Jumamosi, ya pili taa zinawaka lakini mauzo hayaingii. Tumeandika kwenye daftari mpaka usiku.

Kijana wa Swichi: Pole mama. Seva za klasta hupiga kura kuamua nani ashike kazi. Zikiwa mbili na moja ikifa, iliyobaki haina wingi wa kura, kwa hiyo inakataa kuwasha kitu. Imetengenezwa hivyo ili kila moja isijione ndiyo kuu, mkaishia na hesabu mbili. Zinatakiwa tatu, au kifaa kidogo cha kupiga kura ya tatu. Ya studio ni tofauti: picha hazitegemeani, mashine moja ikifa, picha yake inapewa nyingine. Nne zenye nguvu sawa zinamaliza kwa saa 9 na nusu hivi. Mauzo ya duka hayaendi kasi kwa kuongeza mashine.

Mzee wa Bakapu: Kwa hiyo kosa ni la mama, hakujua kura?

Mama Dawa: Niulizie hapo hapo! Mimi nauza dawa. Nampigia fundi, kumbe yuko Dodoma na nywila anayo yeye peke yake.

Fundi Mtaa wa Uhuru: Msitutie wote kapu moja. Mimi nywila namwachia mteja kwenye bahasha, anasaini. Na hilo wingu lenu, Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini lilikuwa wapi? Watu walikaa wanatazama kiduara kinazunguka.

Mzee wa Bakapu: Siku chache tu hizo. Umeme wa mtaani kwako je?

Kijana wa Swichi: Kompyuta nne zikila wati 100 kila moja, saa 10 ni uniti 4 za Luku. Umeme ukikatika na Flamenco ikazimika katikati, picha zilizokwisha zipo kwenye diski, unaendelea na zilizobaki. UPS, yaani betri ya akiba, muhimu ni ya ile kompyuta inayotunza mafaili.

Mama Dawa: Mnakimbilia umeme, mie bado nipo kwenye nywila. Nani hapa anaandika mkataba wa matengenezo wenye jina la mtu wa pili, ambaye naye anaijua hiyo mitambo? Linux ni ya bure, sawa, ila huyo mtu wa pili nitamlipa.

Mdau wa Temeke: Mama, ukiupata huo mkataba tuonyeshe na sisi.

Mzee wa Bakapu: Na makapi yana dhamana ya miezi mingapi?

Fundi Mtaa wa Uhuru: Mitatu. Na ukiita tena makapi, njoo dukani uniambie hayo mbele ya wateja wangu.