Kijana wangu ana "rafiki" wa Free Fire, nimpokonye simu ama?

mama_wa_kisauni
Salam aleikum wazazi. Kijana wangu ana miaka 11, jioni akitoka chuoni (madrasa) humpa simu yangu acheze Free Fire kidogo nikiwa jikoni. Sasa jana nachukua simu nimtumie dadangu pesa naona meseji za WhatsApp namba siijui, kufungua kumbe ni mtu walikutana huko ndani ya gemu na mtoto akampa namba yangu! Amemwahidi daimondi za gemu, mwanzo ni stori za gemu tu, halafu wasoma shule gani, babako yuwapi, mara nitumie picha nikuone, mara vua shati upige nyengine, mwisho eti futa hizi meseji mamako asione. Mikono yanitetemeka wallahi. Anasema hajatuma kitu. Babake yuko Saudia kikazi bado sijamwambia. Nimblok huyo mtu yaishe?

baharia_likoni
Pokonya. Miaka 11 simu ya nini, sisi tulikua na mpira wa matambara na hatukufa

bi_bamburi
@baharia_likoni ukimpokonya ataenda kucheza kwa simu ya binamu yake na huko hakuna wa kumwangalia. Na siku nyengine akisumbuliwa hatasema, ashajua kusema ni kunyimwa simu. Hilo "mamako asione" ndio kazi yote ya hawa watu, mtoto akishakuwa na siri na wao na si na wewe wamemaliza. Dada usimchape, muulize polepole mkiwa nyinyi wawili, mwambie hana makosa.

fundi_simu_majengo
Usiblok kwanza!! Na usifute kitu. Piga skrinshoti chati yote, namba ionekane na tarehe, na jina na ID anayotumia kwenye gemu, ukishafuta utaonyesha nini polisi? Kisha piga 116, ni bure, hio ni Childline watakuelekeza, na uende ukaripoti, DCI, wale wapelelezi wa polisi, wana kitengo cha watoto. Ukimaliza mripoti ndani ya WhatsApp na ndani ya gemu ndio umblok. Usijifanye wewe ni mtoto eti umnase, hio wachia wenyewe.

Halafu WhatsApp ingia mipangilio, faragha, vikundi, weka watu ulio na namba zao peke yake ndio wanaweza kukuadi kwenye grupu. Akija kupata simu yake mwenyewe muekee Family Link, ile app ya Google ya wazazi, utamhesabia saa na hawezi kudaunlodi kitu bila wewe kukubali. Lakini jua haisomi chati, kwa hivo usiiweke ukalala.

mama_wa_kisauni
Nimeongea naye, amelia sana. Kumbe ilikua ametuma moja akaifuta, ya uso tu lakini amevaa yunifomu ya shule 😭

bi_bamburi
Pole mamangu. Afadhali amekwambia. Mweleze mwalimu mkuu mapema asubuhi, kwa sababu beji yaonekana shule gani, na mtu wa kumchukua awe ni yule anayejulikana, siku hizi za karibuni asirudi peke yake.

fundi_simu_majengo
Na ikiwa yeyote hapa mtoto wake ametuma ya uchi, msiisambaze kwa magrupu eti mnaonya wengine, kuisambaza picha hio ni kosa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 hata uwe mzazi. Iko huduma ya bure inaitwa Take It Down, ni ya walio chini ya miaka 18, picha yenyewe haitoki kwenye simu, inatengenezewa alama tu ndio mitandao iliyojiunga waizuie.

baharia_likoni
Hio sikuijua. Mimi bado nasema pokonya lakini

mama_wa_kisauni
Nshapiga 116, wamenisikiliza vizuri, kesho naanzia shule kisha polisi, na babake ntampigia usiku. Na laini je, niibadilishe?

fundi_simu_majengo
Laini iwache, M-Pesa yako na chama chako viko hapo. Badilisha pin tu, mtoto anaijua hio 😂