Tuliovaa sare ya Marekani tukapelekwa vitani: tupeane uzoefu

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Mada hii naifungua kwa ajili ya wenzetu wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani, wakajiunga na jeshi la huko na kupelekwa Irak, Afghanistan au kwingineko. Wengi wetu uraia tuliupata kwa njia hiyo, kwa kuwa amri ya rais ya Julai 2002 ilimruhusu mgeni aliye kazini jeshini kuuomba bila kungoja miaka wanayongoja wahamiaji wengine. Naamini shukrani hiyo ndiyo iliyotuziba midomo. Wanajeshi wa zamani waliozaliwa kule hawaogopi kusema: katika utafiti wa maoni wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa mwaka 2019, asilimia 64 ya wanajeshi wa zamani walisema kwamba vita vya Irak havikustahili kupiganwa, na asilimia 58 wakasema hivyo kuhusu Afghanistan. Sisi tunayasema hayo hayo kwa sauti ya chini, nyumbani, wageni wakishaondoka.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2005 nilikuwa dereva wa lori la mafuta katika misafara iliyotoka Kuwait hadi kambi kubwa ya Balad, kaskazini mwa Baghdad. Tuliambiwa kwamba Saddam Hussein alikuwa na silaha za maangamizi, lakini nilipofika, wakaguzi wa Marekani wenyewe walikuwa wameshatoa ripoti kwamba hazikuwapo. Nilimwuliza sajini wangu, kwa adabu, kwamba sasa tunalinda nini. Akanijibu kuwa tunalinda barabara. Jibu hilo nimelibeba hadi leo, kwa sababu barabara ililindwa ili misafara ipite, misafara ilipita ili kambi ipate mafuta na chakula, na kambi iliwekwa pale ili barabara ilindwe. Mwaka ule nilizoea kumtazama kila mtoto aliyesimama kando ya njia kana kwamba ameficha bomu, na sasa kwa kuwa ninao wangu, ni nyuso za watoto wale zinazoniamsha usiku, kuliko milipuko yenyewe.

Kuna na kifua. Pale Balad taka za kila aina zilichomwa katika shimo la wazi usiku na mchana, nasi tukilala ndani ya moshi. Sheria ya PACT, iliyorahisisha kutambuliwa kwa maradhi ya moshi huo, ilitiwa saini Agosti 2022, na wapo niliokuwa nao ambao hawakuifikia siku hiyo. Karibuni nanyi mseme mlichokiona na lini mlianza kuhoji.

Mtabibu wa Kikosi

Ahsante kaka kwa kufungua. Mimi nilikuwa Arghandab, mkoani Kandahar, mwaka 2010, wakati Marekani ilipokuwa imepeleka karibu askari 100,000 Afghanistan. Mabomu yalifukiwa katika mashamba ya makomamanga, kwenye vijia na chini ya kuta za udongo, hata tukawa tunavuka mifereji badala ya kupita njia. Kazi yangu ilikuwa kufunga mkanda wa kubana damu juu ya goti, au juu ya mahali goti lilipokuwa, na kumsemesha mtu asilale kabla helikopta haijafika.

Kilichonifungua macho ni vikao vya wazee. Kapteni wetu aliwauliza wanahitaji nini. Wakasema kwamba polisi wanawatoza fedha njiani, na kwamba mashamba yao yamebomolewa bila fidia. Mkalimani wetu akaniambia baadaye kwamba maneno hayo hayo aliyatafsiri mwaka uliotangulia kwa kapteni mwingine, naye aliyaandika katika daftari kama huyu wetu. Tuliondoka baada ya mwaka, wakaja wengine na daftari jipya.

Agosti 2021 mkalimani huyo alinipigia simu akiwa nje ya uwanja wa ndege wa Kabul na mkewe na watoto wanne. Niliandika barua pepe kwa kila ofisa niliyemjua. Tarehe 26 bomu lililipuka langoni, wakafa askari 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170. Yeye alinusurika, lakini hakuingia ndani ya uwanja, na simu yake haipatikani tangu mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtu akinishukuru kwa utumishi wangu, ninamkumbuka yeye, ambaye alitumika nasi kwa miaka mingi kuliko mimi.

Dada wa Chicago

Tarehe 20 Mei 2012, viongozi wa NATO walipokutana hapa Chicago, makumi ya askari wa zamani walitembea hadi karibu na ukumbi na kuzitupa nishani zao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akieleza sababu. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na nishani yangu mfukoni mwa koti, kwani nilitoka nayo nyumbani kwa nia hiyo. Sikuitupa. Maombi ya mama yangu ya ukaazi yalikuwa bado mezani kwa serikali, nikaogopa. Mama sasa ni raia, na nishani bado ninayo.

Mkufunzi Mstaafu

Nawaheshimu nyote, lakini mimi sijutii. Jeshi lilinisomesha na kunipa taaluma. Ninachokubali ni kwamba askari asipelekwe mahali ambapo wabunge hawajathubutu kupiga kura.

Kijana wa Tanga

Mzee wangu shikamoo, hilo la kura ndilo langu. Niliingia kupitia mpango wa mwaka 2009 uliowapokea wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 2013 nikajikuta katika kambi ya Manda, Lamu, Kenya, nikiwatafsiria maofisa waliokwenda vijijini kuhusu visima. Mzee mmoja alishukuru vizuri, kisha akanigeukia mimi peke yangu: "Mwanangu, mmekuja kwa kisima au kwa vita?" Nilipomtafsiria kapteni, akaniagiza nijibu kwamba sisi ni marafiki. Nilijibu hivyo kwa lugha ya mama yangu na sikuweza kumtazama mzee machoni.

Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ile, wakaua askari mmoja wa Marekani na Wamarekani wawili waliofanya kazi kwa mkataba. Hapo ndipo nilipotafuta ni sheria gani iliyotupeleka. Ni ile ya Septemba 2001, iliyomruhusu rais kutumia jeshi dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11, ambayo mbunge Barbara Lee wa California pekee aliipinga bungeni, na ambayo mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwa inawahusu hata al-Shabaab, kundi ambalo halikuwapo ilipopitishwa. Nilimwandikia mbunge wa eneo langu nikimwuliza kama yuko tayari kuifuta. Ofisi yake ilijibu kwa kunishukuru kwa utumishi wangu. Nimeandika tena, nikinukuu swali la yule mzee wa Lamu kama alivyolisema, na ninangoja.